Mkongo ukikatika Masasi, nani aamue? Skripti ndani ya ruta, seva ya ufuatiliaji, au kompyuta ndogo ya tawini

Anayesimamia mtandao wenye matawi huku kusini mwa Tanzania huanza na hesabu ya barabara. Mtwara mjini hadi Masasi ni kama kilomita 200. Nachingwea iko mbele ya hapo, Liwale mbele zaidi, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ndiyo inayopanga safari za fundi. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika upande wa Kilwa, na hapo hata kipuri cha kuagiza kilikosa njia. Kinachoudhi ni kwamba kazi nyingi zinazomtoa fundi mjini ni za dakika mbili: kuzima porti na kuiwasha, kuhamishia tawi kwenye 4G, kuwasha upya modemu iliyoganda. Kazi za namna hiyo mashine inaweza kuzifanya yenyewe, mradi umeiandikia mapema agizo, yaani skripti: tukio hili likitokea, fanya hivi.

Ubishi unaanzia kwenye swali la pili. Agizo hilo uliandike wapi? Wapo wanaoliandika ndani ya ruta yenyewe. Wapo wanaoliweka kwenye seva ya ufuatiliaji makao makuu, Zabbix au inayofanana nayo. Na wapo wanaochomeka kompyuta ndogo kila tawi na kuandika skripti zao wenyewe. Njia zote tatu zinafanya kazi, na kila moja ina mahali inapokuangusha.

Tuchukue mtandao wa kubuni, ila unaofanana na mingi ya huku: makao makuu Mtwara mjini, matawi Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea. Nachingwea inapitia Masasi kwa redio, wengine wana mkongo, na kila tawi lina laini ya 4G ya akiba. Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi, hakuna anayetaka kusikia kwamba mfumo hauko hewani.

Kwanza, je, unahitaji skripti?

Kama shida yako ni moja tu, kwamba mkongo ukifa tawi lihamie 4G, ruta inaweza hilo bila skripti hata moja. Weka njia mbili za kutokea nje, ya akiba uipe `distance` kubwa zaidi (yenye namba ndogo ndiyo hutumika kwanza). Kwenye ruta za MikroTik unaongeza `check-gateway=ping` (ping ni pakiti ndogo ya kuuliza "upo?"), kwenye za Cisco unaifunga njia kuu kwenye `track`, yaani kifuatiliaji cha hali, inayosoma majibu ya IP SLA, kipimo cha laini cha Cisco. Kumbuka tu kwamba `check-gateway` humpigia ping jirani wa kwanza peke yake. Mtoa huduma akiwa na tatizo mbele ya hapo, ruta itaendelea kuamini kila kitu ni salama.

Skripti inaanza kuwa na maana pale unapotaka la ziada: kufunga masasisho ya Windows yasile bando lote la akiba ndani ya saa moja, kumjulisha mtu, kukusanya logi (kumbukumbu za matukio ya kifaa) kabla hazijafutika, kuwasha upya kifaa cha pembeni. Nimeona mitandao yenye skripti ndefu zinazofanya kazi ambayo mistari miwili ya njia za akiba ingeimaliza.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote kwa jiografia yetu: laini ikikatika, anayeamua amebaki upande gani wa mkato? Mwamuzi aliye Mtwara wakati kidonda kiko kati ya Masasi na Nachingwea anaona giza tu. Anajua kuna tatizo, ila mkono wake haufiki.

Cha pili ni macho, yaani matukio gani mwamuzi huyo anaweza kuyaona. Cha tatu ni mkono, anaweza kufanya nini na kwenye vifaa vipi. Kisha kuna funguo, maana skripti yoyote inayobadilisha kitu inahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo imehifadhiwa mahali fulani. Kisha utunzaji na umeme: nani ataielewa siku wewe ukiwa likizo, na itabaki hai umeme ukikatika?

Kigezo ambacho watu hukisahau ni breki. Wiki moja tu baada ya Hidaya, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchi nzima. Fikiria ruta iliyoandikiwa kwamba ping ya nje ikifeli ijiwashe upya. Laini yake ilikuwa nzima, mtoa huduma alikuwa akijibu, tatizo liko chini ya bahari kusini kabisa, na ruta ingejizima na kujiwasha siku nzima huku ikikata hata mawasiliano ya ndani yaliyokuwa yanafanya kazi. Au ile inayohama kwenda 4G: nayo ingehama, ikute mtandao wa simu umeguswa na mkato uleule, irudi, ihame tena. Kwa hiyo kila njia niliiuliza pia: ni rahisi kiasi gani kuiambia "umeshajaribu mara mbili, sasa tulia umwite mtu"?

Njia ya kwanza: skripti ndani ya ruta

Cisco wana Embedded Event Manager, kwa kifupi EEM. Juniper wana sera za matukio chini ya `event-options`. MikroTik, ambazo ndizo zimejaa kwenye ofisi ndogo za huku, wana Netwatch na Scheduler. Wazo ni lilelile: kifaa kinajitazama na kujitibu.

*Laini ikikatika.* Ruta ya Nachingwea haiombi ruhusa Mtwara. Mkato ukitokea popote, mwamuzi yuko hapohapo tawini na anajibu ndani ya sekunde. Kwa kigezo hiki hakuna inayoikaribia sana, labda ile ya tatu.

*Macho.* Inaona vizuri mambo yake yenyewe. EEM inaweza kuamshwa na maneno fulani kwenye logi, na saa, na mzigo wa CPU, na matokeo ya `track`, hata na amri ambayo mtu ameiandika. Netwatch ilikuwa ya kuangalia kama anwani fulani inajibu au haijibu. RouterOS 7, mfumo unaoendesha MikroTik, uliongeza vipimo vya ucheleweshaji na upotevu wa pakiti, pamoja na kupima TCP, HTTP na DNS. Kipimo cha HTTP ni cha maana sana kwenye 4G. Bando likiisha, laini huonekana iko hewani kabisa, mnara unasoma, anwani ipo, lakini kurasa hazifunguki.

Mfano mdogo wa EEM, tukichukulia kwamba 4G huwa imezimwa ili isile bando bure:

```
event manager applet WASHA-4G
 event track 10 state down
 action 010 cli command "enable"
 action 020 cli command "configure terminal"
 action 030 cli command "interface Cellular0/1/0"
 action 040 cli command "no shutdown"
 action 050 syslog msg "Mkongo umekufa, nimewasha 4G"
```

Unaandika na ya pili kwa `state up`, ya kuizima. Angalia namba za hatua. Cisco huzipanga kama maneno, si kama hesabu, kwa hiyo hatua uliyoiita 10 itatangulia ile uliyoiita 2. Sufuri za mbele ndizo zinazolinda mpangilio.

Kuna mtego mmoja ambao unastahili muda, maana ni uleule kwenye Cisco na MikroTik. Umeweka ruta ipime anwani ya nje, 1.1.1.1. Mkongo unakufa, kipimo kinafeli, skripti inahamishia tawi kwenye 4G. Sasa ping ileile inapita kwenye 4G, inajibiwa, na ruta inasema mkongo umepona. Inarudi kwenye mkongo uliokufa. Kipimo kinafeli tena. Tawi litacheza hivyo mpaka asubuhi. Dawa ni kuibana anwani ya kipimo ipite kwenye mkongo pekee, kwa njia ya peke yake ya `/32` (yaani ya anwani hiyo moja tu) kupitia mlango wa mkongo, na nyuma yake njia ya pili ya anwani hiyohiyo inayoishia shimoni, `blackhole` kwa MikroTik au `Null0` kwa Cisco, ili mkongo ukizimika kabisa kipimo kisitorokee 4G. Na anwani hiyo usiwape watumiaji kama DNS yao, kwa sababu mkongo ukifa wao pia hawataifikia.

*Mkono.* Mfupi. Ruta inaweza kujibadilisha, kutuma ujumbe, basi. Swichi ya jirani au redio ya juu ya mnara haiigusi, au inaigusa kwa taabu.

*Breki.* Zipo ila lazima uziombe. Kwenye Cisco, `delay down 30 up 120` chini ya `track` huifanya isubiri nusu dakika kabla ya kutangaza kifo na dakika mbili kabla ya kutangaza uzima. `Ratelimit` kwenye tukio huzuia kurudia haraka. Na EEM hukata yenyewe applet (skripti yake ndogo, kama ile ya mfano) inayozidi sekunde 20 usipobadilisha `maxrun`. Kwenye MikroTik breki nyingi utazihesabu mwenyewe kwa vigeuzi, na hapo kuna jambo: Netwatch huendesha skripti kama mtumiaji wa mfumo mwenye ruhusa chache, na kigeuzi cha jumla ulichokiweka humo hakisomeki na skripti ya Scheduler. Skripti inayofanya kazi ukiiendesha kwa mkono inaweza kunyamaza kabisa ikiitwa na Netwatch.

*Funguo.* Hakuna nywila inayosafiri, na hiyo ni nafuu. Ila kama ruta zako za Cisco zinaomba idhini ya kila amri kwenye seva ya AAA, ile ya kuhakiki watumiaji na ruhusa zao, iliyoko Mtwara, laini ikikatika applet nayo itakwama ikisubiri idhini, mpaka uiandikie `authorization bypass`.

*Utunzaji na umeme.* Hakuna kifaa cha ziada cha kulisha umeme. Shida ni kutawanyika: skripti tano kwenye ruta tano, moja imerekebishwa, nne bado. Ruta ikiungua na radi, skripti imeenda nayo kama hukuhifadhi nakala. Na ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukirudi saa yake haiaminiki mpaka ipate NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, kwa hiyo kazi za Scheduler zilizofungwa kwenye saa fulani zichunge.

*Inamfaa* mwenye matawi machache, vifaa vya chapa moja, na majibu mafupi yasiyoweza kusubiri.

Njia ya pili: seva ya ufuatiliaji makao makuu

Nitazungumzia Zabbix kwa sababu ndiyo yenye sehemu ya kujibu matukio iliyokomaa, ni programu huria, na tangu toleo la 7.0 iko chini ya leseni ya AGPL. Unaweka vipimo, juu yake vichocheo, juu ya vichocheo vitendo: tuma ujumbe, endesha amri, subiri dakika kumi, kama bado, mpigie mkubwa wake.

*Laini ikikatika.* Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Tahadhari za SNMP (lugha ya kufuatilia vifaa vya mtandao) ambazo vifaa huzituma vyenyewe husafiri kwa UDP bandari 162, na taarifa kwamba laini imekatika inatakiwa ipite kwenye laini hiyohiyo iliyokatika. Haifiki. Seva itagundua tu kwa kukosa majibu, na amri yake ya kurekebisha haina pa kupita, isipokuwa uwe na njia ya pili ya kuingilia tawini, kwa mfano VPN inayosimama juu ya 4G muda wote. Wengi hudhani kuweka tawini proksi ya Zabbix, msaidizi wa seva, kunamaliza hili. Proksi hukusanya takwimu na kuzihifadhi mpaka laini irudi, jambo zuri, lakini vichocheo hupimwa na seva. Proksi haihukumu.

*Macho.* Hapa ndipo inapowaacha wenzake mbali. Inaona matawi yote kwa pamoja, na kumbukumbu ya miezi. Ukiiambia kwamba kichocheo cha Nachingwea kinategemea kile cha Masasi, siku Masasi ikianguka unapata ujumbe mmoja wa kweli badala ya rundo. Na grafu zake ndizo zinazokupa nguvu mezani kwa mtoa huduma: ukimwonyesha saa na tarehe za kila kukatika, mazungumzo huwa mafupi zaidi.

*Mkono.* Mrefu, ukiwa na njia. Inaweza kuingia kwa SSH, njia salama ya kutoa amri ukiwa mbali, kwenye kifaa chochote kinachoikubali, na inaweza kutuma SMS kupitia modemu ya GSM iliyochomekwa kwenye seva. Hiyo ya SMS usiipuuze: intaneti ya ofisi ikifa, ujumbe wa Telegram au barua pepe utabaki foleni, ila SMS inatoka. Amri za mbali kupitia wakala wa Zabbix, programu yake inayokaa ndani ya mashine inayofuatiliwa, huja zimefungwa tangu mwanzo, na usizifungue zote kwa mkupuo.

*Breki.* Nzuri kuliko zote tatu, na hazihitaji ubunifu. Unaweza kuweka kiwango cha kuamsha na kiwango tofauti cha kutulia, vipindi vya matengenezo, na ngazi za kupandisha tatizo kutoka mashine kwenda kwa mtu.

*Funguo.* Zote mahali pamoja. Anayeiteka seva hiyo ameuteka mtandao mzima, kwa hiyo mpe Zabbix akaunti yake kwenye kila kifaa yenye amri chache tu inazozihitaji, na seva yenyewe isionekane kutoka nje.

*Utunzaji na umeme.* Unahitaji seva, hifadhidata, UPS inayoaminika, na mtu aliyejifunza. Leseni ni bure, muda si bure. Kwa upande mwingine kila kitu kiko pamoja, na fundi mpya anaona kwenye skrini moja ni nini kinaamsha nini. Kwa kukabidhiana kazi hiyo ni tofauti kubwa.

*Inamfaa* mwenye matawi mengi, timu ya watu wawili watatu, na wakubwa wanaotaka ripoti.

Njia ya tatu: kompyuta ndogo tawini yenye skripti zako

Raspberry Pi au kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, Linux, na skripti za Python. Maktaba ya Netmiko huingia kwa SSH kwenye Cisco, MikroTik, Juniper na nyinginezo nyingi. Vifaa vinatuma logi zao kwa rsyslog, programu ya kupokea logi, nayo kwa moduli ya `omprog` humimina kila mstari kwenye programu yako, ambayo inasoma na kuamua.

*Laini ikikatika.* Mwamuzi yuko tawini, sawa na njia ya kwanza, ila anaamulia ofisi nzima.

*Macho.* Anaona unachomfundisha kuona. Kwa huku faida yake kubwa ni umeme. Chomeka waya wa USB wa UPS, weka programu ya Network UPS Tools, na `upssched` iliyo ndani yake itakupa matukio ya kukatika na kurudi kwa umeme pamoja na kipima muda. Umeme ukikatika anza kuhesabu. Ukirudi kabla ya dakika tano, futa hesabu. Usiporudi, zima swichi ya chumba cha mkutano na kamera zisizo za lazima ili betri ibaki kwa ruta na redio. Ruta nyingi peke yake hazilijui hilo.

*Mkono.* Kila kifaa cha tawi kinachokubali SSH, na hata soketi ya umeme yenye kuongozwa, kwa modemu inayohitaji kunyimwa umeme ndipo izinduke.

*Breki.* Hazipo mpaka uziandike. Angalau mbili: `flock` ili nakala mbili za skripti zisikimbizane, na faili linalohesabu majaribio ili baada ya mawili skripti inyamaze na kuomba mtu.

*Funguo.* Zipo kwenye kisanduku kidogo ambacho mtu anaweza kukibeba mfukoni. Tumia funguo za SSH zenye mipaka, funguo tofauti kila tawi, usiache nywila ndani ya skripti.

*Utunzaji na umeme.* Kadi za SD huchoka na hazipendi kukatiwa umeme ghafla; ifanye diski ya mfumo isomeke tu bila kuandikwa, au tumia SSD. Chumvi ya hewa ya Mtwara na Lindi nayo hula viungio, kwa hiyo kisanduku kifungwe vizuri. Ila hatari kubwa ya njia hii ni ya kibinadamu: skripti anaijua aliyeiandika. Akihama, tawi limebaki na kitu kinachofanya mambo ambayo hakuna anayejua kwa nini. Ukishafika hapo na skripti zimekuwa nyingi, angalia Event-Driven Ansible au StackStorm, mifumo ya kujibu matukio ambayo hutenganisha chanzo cha tukio, kanuni na kitendo, na kanuni zinasomeka na mtu mwingine. Ni nzito kidogo. `Ansible-rulebook`, programu inayoendesha kanuni za Event-Driven Ansible, inadai Java pamoja na Python.

*Inamfaa* fundi anayependa kuandika programu, mwenye vifaa vya chapa mchanganyiko na umeme usiotulia.

Kwa hali yako

Una matawi mawili matatu na uko peke yako: anza ndani ya ruta, hifadhi nakala za skripti sehemu moja, na ongeza modemu ya SMS utakapoweza.

Una matawi kuanzia matano, na wewe si fundi pekee: seva ndiyo kiini, lakini kazi ya kuhamia akiba iache kwenye ruta. Seva ione, irekodi, imwite mtu. Mgawanyo huu unafanya kazi vizuri kwa sababu kila mmoja anaamua pale anapofika.

Tawi lako liko mwisho wa njia ya redio, kama Nachingwea ya mfano wetu au Liwale: mwamuzi awe hukohuko, ruta au kompyuta ndogo, hata kama una Zabbix nzuri Mtwara.

Maghala ya msimu, yanayofunguliwa kwa mnada na kufungwa miezi inayofuata: usipeleke kompyuta ndogo huko ikakae bila mwenyewe. Ruta ya 4G yenye Netwatch ya HTTP inatosha, na kwenye Zabbix weka kipindi cha matengenezo nje ya msimu ili ghala lililozimwa lisipige kelele usiku.

Vifaa vyako ni mchanganyiko wa chapa nne na UPS za kila rangi: njia ya tatu, kwa sharti kwamba mtu wa pili ameziendesha skripti hizo kwa mikono yake kabla hujaziacha ziende zenyewe. Na kwa njia yoyote utakayochagua, wiki za kwanza skripti iandike tu kwenye logi kile ambacho ingefanya, bila kukifanya. Soma logi hiyo siku ya mvua kubwa, ndipo uamue kama uiachie mkono.